Gurudumu la Tano na Vihisi vya Upepo wa Matairi

Magari mengi yaliyoundwa kwa safari ndefu na barabara mbovu hubeba magurudumu matano, lakini ni manne tu yanayokanyaga barabara. La tano hufungwa nyuma ya mlango au chini ya bodi, likisubiri siku ya pancha. Ikiwa gurudumu hilo la akiba ni la kipimo kamili, yaani tairi lake na ringi yake ni sawa kabisa na za magurudumu mengine, hakuna sababu ya kuliacha lizeeke bila ya kufanya kazi. Laweza kuingizwa katika zamu pamoja na mengine ili yote matano yalike kwa usawa.

Zamani kazi hiyo ilihitaji jeki, spana na kipima upepo tu. Siku hizi magari mengi yana vifaa vya elektroniki vinavyopima upepo ndani ya tairi na kuwasha taa mbele ya dereva upepo unapopungua. Gurudumu linapohamishwa, kifaa chake huhama nalo. Lakini habari iliyohifadhiwa katika kompyuta ya gari haihami pamoja nalo katika kila gari. Makala haya yanaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, mambo yanayotokea gurudumu la tano linapoingia barabarani, na kwa nini taa iliyozimika si ushahidi wa kutosha kwamba matairi yote yana upepo unaotakiwa.

Hatari ya upepo mdogo

Uzito wa gari hubebwa na hewa iliyoshindiliwa ndani ya tairi. Mpira, nyuzi na waya za tairi kazi yake kubwa ni kuizuia hewa hiyo na kuipa umbo. Kanieneo ya hewa, yaani nguvu yake juu ya kila eneo la ukuta wa tairi, ikipungua, tairi hulala na kuta zake hukunjwa zaidi ya kawaida. Tairi lenye mzingo wa meta 2.2, gari likienda kilometa 80 kwa saa, huzunguka mara 10 hivi kila sekunde. Kwa hiyo kila sehemu ya ukuta wake hukunjwa na kukunjuliwa mara 10 katika sekunde hiyo. Mpira haurudishi kazi yote iliyotumika kuukunja. Sehemu ya kazi hiyo hugeuka kuwa joto, na joto hilo likizidi, tabaka za ndani za tairi huanza kuachana. Mwisho wake tairi hupasuka, mara nyingi gari likiwa katika mwendo mkali na limebeba mzigo mzito.

Hatari hiyo ilijulikana kwa uchungu nchini Marekani. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyaondoa barabarani matairi yapatayo milioni 6.5, ambayo mengi yake yalikuwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer. Tabaka za matairi hayo zilikuwa zikiachana gari likiwa katika mwendo, na vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na ajali zake. Upepo mdogo haukuwa chanzo pekee, kwani uundaji wa matairi nao ulilaumiwa. Lakini upepo mdogo pamoja na joto viliongeza hatari. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria iliyoagiza magari yawekewe mtambo wa kumwonya dereva. Tangu Septemba 2007 kila gari jipya dogo linalouzwa Marekani lazima liwe na mtambo huo, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kila gari jipya la abiria tangu Novemba 2014. Wazo lenyewe lilikuwapo kabla ya hapo, kwani gari la Porsche 959 la mwaka 1986 lilikuwa tayari na mtambo wa aina hiyo.

Kwa kanuni ya Marekani, taa ya onyo lazima iwake upepo wa tairi ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari. Ikiwa kiwango ni kilopaskali 240, sawa na ratili 35 hivi kwa inchi ya mraba, taa itawaka kwenye kilopaskali 180. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kanuni hiyo inahusu magurudumu manne yaliyo barabarani. Haimlazimishi mtengenezaji kulipima gurudumu la akiba. Kwa hiyo yako magari yanayolipima la tano, na yako mengi yasiyolipima.

Kihisi kinavyofanya kazi

Iko mitambo ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, kila gurudumu lina kihisi chake, ambacho aghalabu hufungwa kwenye mguu wa valvu, upande wa ndani ya tairi. Ndani ya kihisi mna utando mwembamba wa silikoni. Hewa inapousukuma utando huo, hupinda kidogo, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Badiliko hilo hugeuzwa kuwa namba, na namba hiyo hurushwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi cha gari. Nguvu ya umeme hutoka katika betri ndogo iliyofungiwa humo humo, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 5 hadi 10. Betri ikiisha, kihisi chote hubadilishwa.

Ili betri isiishe upesi, kihisi hulala gari linaposimama. Huamshwa na kipimo kingine kidogo kinachotambua mzunguko wa gurudumu. Nguvu za mzunguko huo si ndogo. Gari likienda kilometa 60 kwa saa juu ya matairi yenye nusu kipenyo cha sentimeta 35, kihisi kilicho sentimeta 20 kutoka katikati ya gurudumu hupata mchapuko wa meta 450 hivi kwa sekunde mraba, karibu mara 46 ya ule wa kani ya mvutano wa dunia. Kihisi chenye gramu 30 huvuta valvu yake kana kwamba kina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ndiyo sababu gurudumu lenye kihisi lazima lisawazishwe vizuri, na ndiyo sababu gurudumu la akiba, ambalo halizunguki, hurusha habari zake kwa nadra sana, na katika magari mengine halirushi kabisa.

Aina ya pili ya mtambo haina kihisi chochote ndani ya tairi. Hutumia vipimo vya mwendo wa magurudumu ambavyo tayari vimo katika breki zisizokaba. Tairi likipungua upepo, nusu kipenyo chake hupungua kidogo, na kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake katika umbali ule ule. Kompyuta huhesabu tofauti hiyo na kuwasha taa.

Daftari la majina

Kihisi cha aina ya kwanza hakijui kiko wapi. Hakijui kulia wala kushoto, mbele wala nyuma. Kinachorusha ni namba yake ya utambulisho, kanieneo na halijoto. Ni kompyuta ya gari iliyo na daftari lisemalo kwamba namba fulani iko mbele kushoto na namba fulani iko nyuma kulia. Kompyuta hupokea mawimbi ya namba zilizomo katika daftari lake, na kuyapuuza mengine, kwa sababu barabarani magari mengi hurusha mawimbi ya namna hiyo hiyo.

Mwalimu aitaye majina darasani huwa na hali kama hiyo. Wanafunzi wakibadilishana viti, majina katika daftari hubaki sahihi lakini viti si vile tena. Mwanafunzi mgeni asiyeandikwa akiingia na aliyeandikwa akatoka, mwalimu ataita jina la asiyekuwapo, wala hatamwita aliyeko. Mambo hayo mawili ndiyo yatokeayo magurudumu yanapobadilishana nafasi.

Zamu ya magurudumu matano

Mpango mmoja utumikao sana kwa magurudumu matano ni huu: la akiba huenda nyuma kulia, la nyuma kulia huenda mbele kulia, la mbele kulia huenda nyuma kushoto, la nyuma kushoto huenda mbele kushoto, na la mbele kushoto huwa la akiba. Baada ya zamu tano kila gurudumu hurudi mahali pake pa kwanza. Zamu ikifanyika kila kilometa 10,000, gari litakuwa limekwenda kilometa 50,000, na kila tairi kilometa 40,000 tu, kwa kuwa kila moja limepumzika zamu moja. Kama tairi laweza kwenda kilometa 60,000 kabla ya kwisha, manne yatalitosha gari kwa kilometa 60,000, na matano kwa kilometa 75,000.

Mpango huo haufai kwa kila gari. Matairi yenye mshale wa upande wa kuzungukia hayahamishwi kutoka kulia kwenda kushoto, na gari ambalo matairi yake ya mbele na ya nyuma yana vipimo tofauti haliwezi kufuata zamu hii. Gurudumu dogo la akiba, lile jembamba la dharura, haliingii katika zamu hata mara moja. Kitabu cha gari ndicho kifuatwe.

Hali tatu zinazoweza kutokea

Hali ya kwanza ni ya gari lenye vihisi vitano, na la tano limeandikwa katika daftari. Hapa hakuna jina linalopotea, bali viti tu ndivyo vilivyobadilishwa. Katika gari ambalo mbele na nyuma hutakiwa upepo ulio sawa, kosa hilo humpotosha dereva kidogo: taa huwaka, akaambiwa ni gurudumu la mbele ilhali ni la nyuma. Lakini katika gari la mizigo madhara huwa makubwa zaidi. Chukua mfano wa gari ambalo kiwango chake ni kilopaskali 220 mbele na 290 nyuma. Robo ikiondolewa, onyo litatolewa kwenye 165 mbele na kwenye 217 hivi nyuma. Gurudumu likihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma bila ya kompyuta kuarifiwa, laweza kushuka hadi 200 likiwa limebeba mzigo, na taa isiwake, kwa sababu katika daftari bado ni gurudumu la mbele. Aidha, upepo wenyewe usipoongezwa baada ya kuhamisha, gurudumu hilo litaanza safari likiwa na 220 mahali panapohitaji 290.

Hali ya pili ni ya gari lenye vihisi vinne, na gurudumu la akiba halina. Likiingizwa katika zamu, tairi moja barabarani halina msemaji, na kihisi kimoja kinasafiri kikiwa kimelala nyuma ya gari. Magari hayatendi kwa namna moja. Mengi, baada ya kwenda dakika kadhaa bila ya kusikia namba moja, huwasha taa ya manjano yenye umbo la tairi lililokatwa, ambayo humetameta kwa dakika moja au moja na nusu, kisha hubaki ikiwaka. Maana yake si kwamba upepo umepungua, bali kwamba mtambo una hitilafu. Hatari iko katika mazoea: dereva akishaizoea taa inayowaka daima, hatatambua siku itakapowaka kwa sababu ya upepo. Na kama kihisi kilichoko kwenye akiba bado kinasikika mara kwa mara, taa yaweza kuzimika kabisa huku mtambo ukipima gurudumu lisilokanyaga barabara.

Dawa ya hali hiyo ni kununua kihisi cha tano, au kuliacha gurudumu la akiba nje ya zamu. Kihisi kipya lazima kiwe cha aina inayoeleweka na kompyuta ya gari hilo. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya Marekani na Japani hutumia zaidi mawimbi ya megahezi 315, na yale ya Ulaya megahezi 433. Jambo hili lina maana kubwa katika Afrika Mashariki, ambako magari yaliyokwisha kutumika huingizwa kutoka nchi mbalimbali: kihisi kilichotolewa katika gari la Ulaya kwa kawaida hakitasikika katika gari la Japani, ijapokuwa kwa macho vinafanana. Tena, si kila kompyuta ina nafasi ya namba ya tano; katika gari la namna hiyo daftari la majina manne huandikwa upya kila zamu.

Hali ya tatu ni ya gari lisilo na vihisi ndani ya matairi, lile linalohesabu mizunguko. Hapa hakuna namba za kuandika, lakini ulikaji wa tairi huwa na maana. Tairi la akiba ambalo halijatumika likiwa na kashata za kina cha milimeta 8, na mengine yamelika hadi milimeta 4, nusu kipenyo chake kitakuwa kimezidi kwa milimeta 4, yaani zaidi ya asilimia 1 ikiwa nusu kipenyo ni milimeta 350. Tofauti hiyo yaweza kuzidi ile inayoletwa na upungufu wa upepo, na kompyuta ikadhani kwamba matairi mengine yamepungua. Baada ya zamu upepo wa magurudumu yote hurekebishwa kwanza, kisha mtambo huanzishwa upya ili ujifunze kipimo kipya. Kuuanzisha upya kabla ya kurekebisha upepo ni kuufundisha kosa. Tatizo hilo la matairi yasiyolingana huepukwa kabisa ikiwa gurudumu la tano linaingia katika zamu tangu matairi yakiwa mapya.

Baridi, joto na kosa la kipimo

Gurudumu la akiba huleta mtego mwingine, nao ni wa fizikia ya kidato. Gesi isiyobadilika mjao, kanieneo yake kamili huongezeka kwa uwiano na halijoto kamili. Tairi lililojazwa kilopaskali 240 kwa nyuzi 20 za Sentigredi lina kanieneo kamili ya 340 hivi, kwa kuwa kipima upepo huanzia juu ya kanieneo ya angahewa, iliyo karibu na 100. Baada ya safari, hewa ya ndani ikifika nyuzi 50, kanieneo kamili itakuwa 340 × 323 ÷ 293, yaani 375. Kipima upepo kitasoma 275. La akiba, ambalo halikuzunguka, litaendelea kusoma 240 au zaidi kidogo.

Mtu asiyejua atapunguza upepo wa manne ili yalingane na la tano. Asubuhi yakipoa yatasoma 208 tu. Taa haitawaka, kwani 208 bado ni juu ya 180, na gari litaendelea kutembea na upepo pungufu bila ya onyo lolote. Kwa hiyo magurudumu yote matano hupimwa yakiwa baridi, baada ya gari kusimama saa tatu au zaidi.

Kinyume chake, la akiba nalo husahauliwa. Hewa hupenya polepole katika mpira hata pasipo pancha. Likipoteza kilopaskali 7 tu kila mwezi, baada ya miezi 12 litakuwa limepoteza 84, na kutoka 240 litabaki na 156. Gurudumu la namna hiyo likifungwa usiku njiani baada ya pancha, huwa tayari liko chini ya kiwango cha onyo.

Utaratibu wa kazi

Kabla ya kuanza, namba ya utambulisho ya kila kihisi huandikwa katika karatasi pamoja na mahali pake. Chombo cha fundi chaweza kuzisoma bila ya tairi kufunguliwa. Gari huegeshwa mahali tambarare na magurudumu yasiyoinuliwa huwekewa vizuizi. Zamu hufanywa kwa magurudumu mazima, tairi likiwa juu ya ringi yake. Hakuna haja ya kulibandua. Ikiwa lazima libanduliwe kwa sababu ya pancha, fundi aelezwe kwamba kuna kihisi kwenye valvu, ili chuma cha kubandulia kisipite hapo.

Nati zikishakazwa kwa mpangilio wa kuvukana, upepo hurekebishwa kulingana na nafasi mpya ya kila gurudumu. Ndipo kompyuta hufundishwa. Baadhi ya magari hujifunza yenyewe yakiendeshwa kwa dakika 10 hadi 20 hivi. Mengine huhitaji chombo cha mkononi kinachoviamsha vihisi kimoja kimoja kwa mawimbi ya kilohezi 125, kwa mfuatano uliotajwa katika kitabu. Mengine tena huandikiwa namba kupitia soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi. Njia yoyote itumikayo, mwishowe kila namba katika daftari yalinganishwe na karatasi iliyoandikwa mwanzoni, na kila kipimo katika dashibodi kilinganishwe na kipima upepo cha mkono. Baada ya kilometa 100 hivi nati hukazwa tena.

Jaribio la shule

Wanafunzi wanaweza kuithibitisha kanuni ya mtambo wa aina ya pili kwa kutumia baiskeli. Tairi la nyuma lijazwe upepo vizuri na litiwe alama ya chaki inapogusa ardhi. Mwanafunzi mmoja apande, na wenzake waisukume baiskeli katika mstari ulionyooka kwa mizunguko 10 kamili ya gurudumu, kisha wapime umbali. Halafu upepo upunguzwe kiasi, bila ya kuiacha ringi iguse chini, na jaribio lirudiwe na mpandaji yule yule. Umbali wa pili utakuwa mfupi kidogo. Kila umbali ukigawanywa kwa 10 na kwa mara mbili ya pai, hupatikana nusu kipenyo cha mviringo. Wanafunzi wahesabu tofauti kwa asilimia, kisha walinganishe na ile asilimia 1 iletwayo na kashata mpya za tairi la akiba.

Shule yenye gari yaweza kwenda mbele zaidi: matairi yake matano yapimwe asubuhi moja kila mwezi, na vipimo viandikwe katika jedwali lenye safu tano. Baada ya miezi michache, safu ya gurudumu la akiba itaonyesha ni kiasi gani cha upepo hupotea katika gurudumu ambalo huenda hakuna taa inayolisemea.